Mzee Aliyeanguka kwa Sababu ya Fedha: Somo Kutoka Barua ya Polikarpo kwa Wafilipi

SOMO LA ROBO HII

Maandiko ya kusoma: Wafilipi 4:10–20, 2 Wakorintho 8:16–21, Wagalatia 6:1–5, Filemoni 17–19.

Lengo la somo: Kujifunza kutoka barua za Wakristo wa kwanza namna ya kulinda fedha ya Kanisa, na namna ya kumtendea ndugu aliyekosea katika fedha hiyo bila kuwasahau waliodhulumiwa.

Utangulizi

Katika toleo hili tunakuletea somo ambalo wengi wetu hatupendi kulizungumza, hasa sisi tunaofanya kazi za miradi na diakonia. Ni habari ya fedha ya Kanisa kupotea mikononi mwa mtu tunayemfahamu, tunayemheshimu, na ambaye Jumapili tunakaa naye kwenye benchi moja.

Jambo hili linapotokea, maswali mawili huulizwa haraka. La kwanza ni "Zimepotea kiasi gani?" La pili ni "Huyu mtu afanywe nini?" Swali la kwanza hujibiwa na vitabu vya hesabu. Swali la pili ndilo linalogawa usharika, kwa sababu wapo wanaotaka jambo lifunikwe ili Kanisa lisiaibike, na wapo wanaotaka mtu huyo afukuzwe na jina lake lisitajwe tena. Pande zote mbili husema zinalipenda Kanisa.

Tunaweza kudhani kwamba tatizo hili limekuja na miradi, wafadhili na akaunti za benki. Sivyo. Mwanzoni mwa karne ya pili baada ya Kristo, kanisa la Filipi lilipatwa na jambo hilohilo, na tunayo barua inayolizungumzia. Aliyeiandika ni Polikarpo, askofu wa Smirna, mji ambao leo unaitwa Izmir, nchini Uturuki.

Kwa nini tusome barua hizi?

Katika vitabu 27 vya Agano Jipya, 21 ni barua. Imani yetu imetufikia kwa sehemu kubwa kwa njia ya watu walioandikiana kuhusu matatizo yao: ugomvi, njaa, mafundisho ya uongo, ndoa, watumwa, michango. Barua hizo zilipelekwa kwa mkono na kusomwa kwa sauti mbele ya kanisa lililokusanyika. Katika Wakolosai 4:16 Paulo anaagiza makanisa mawili jirani yabadilishane barua alizowaandikia.

Baada ya mitume, desturi hiyo iliendelea. Karibu na mwaka 96 kanisa la Roma liliwaandikia Wakorintho barua ndefu inayojulikana kwa jina la Klementi. Baadaye Ignasi, askofu wa Antiokia, aliandika barua saba akiwa mfungwa, huku askari kumi wakimsindikiza kwenda kuuawa Roma. Nne aliziandika alipokuwa Smirna na tatu alipokuwa Troa. Kutoka huko alipitishwa Filipi. Alipokwisha kuondoka, Wafilipi walimwandikia Polikarpo wakimwomba awatumie nakala za barua za Ignasi. Polikarpo alizituma, akaambatanisha na barua yake mwenyewe. Hiyo ndiyo barua tunayojifunza leo.

Ni lazima tuseme wazi kwamba barua hizi si Maandiko Matakatifu. Sisi Walutheri tunashika kwamba Maandiko peke yake ndiyo kipimo cha mafundisho na maisha ya Kanisa. Hata hivyo, waliotutangulia hawakuwatupa walimu wa kale. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linawataja baadhi yao, akiwamo Augustino, kama mashahidi wa imani iliyotoka kwa mitume. Polikarpo mwenyewe anatufundisha namna ya kumsoma. Katika sura ya tatu anasema yeye wala mtu mwingine kama yeye hawezi kuifikia hekima ya Paulo, na anawahimiza Wafilipi wazichunguze barua za Paulo ili wajengwe kwa hizo. Kwa hiyo tunaposoma barua ya Polikarpo, yeye mwenyewe anaturudisha kwenye Biblia.

Tunaposoma barua yoyote ya kale, maswali manne yatatusaidia. Nani anamwandikia nani? Tatizo lililokuwepo ni lipi? Mwandishi anajenga jibu lake juu ya msingi gani? Na sisi, katika mazingira yetu, tunaitwa kufanya nini? Mtu akiruka maswali matatu ya kwanza na kukimbilia la nne, atachukua maneno yaliyosemwa kwa wengine na kuyavaa kama nguo isiyomtosha.

Kanisa lililojulikana kwa ukarimu

Tuanze na wapokeaji wa barua. Filipi ilikuwa koloni la Warumi katika Makedonia, kaskazini mwa nchi ya Ugiriki ya leo. Habari za mwanzo wa kanisa hilo tunazisoma katika Matendo ya Mitume sura ya 16: Lidia mwuza rangi ya zambarau, na mlinzi wa gereza aliyebatizwa usiku pamoja na watu wa nyumbani mwake.

Kanisa hilo lilikuwa na sifa ya pekee katika mambo ya fedha. Paulo, ambaye mara nyingi alikataa kulipwa na makanisa ili asimlemee mtu, alikubali kupokea msaada wa Wafilipi. Walimtumia alipokuwa Thesalonike, tena zaidi ya mara moja, na walimtumia tena alipokuwa kifungoni kwa mkono wa Epafrodito (Wafilipi 4:15–18). Alipohimiza mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, Paulo aliwapa Wakorintho mfano wa makanisa ya Makedonia, ambayo yalitoa kupita uwezo wao ingawa yalikuwa katika umaskini mkubwa (2 Wakorintho 8:1–5).

Miaka hamsini au zaidi ilipita. Katika kanisa hilohilo la watoaji, mzee mmoja akaanguka kwa sababu ya fedha. Ukarimu wa usharika hauwi ulinzi wa hazina yake. Penye utoaji mwingi ndipo fedha nyingi hupita mikononi mwa watu, na ndipo utaratibu unapohitajika zaidi.

Polikarpo anasema nini?

Barua ina sura 14 fupi. Mzee aliyeanguka anatajwa katika sura ya 11. Jina lake ni Valens. Polikarpo haelezi kwa kirefu alichofanya. Anasema amehuzunika kwa ajili yake, kwamba alipewa nafasi ya uzee katika kanisa na hakuielewa nafasi hiyo. Mara baada ya kumtaja anawaonya wasomaji wajiepushe na kupenda fedha, wawe safi na wakweli. Kwa sababu hiyo wasomaji wengi wa barua hii wameelewa kwamba kosa la Valens lilihusu fedha.

Tuangalie mambo manne katika namna Polikarpo anavyoshughulika na jambo hili.

La kwanza, anaweka msingi kabla ya kumtaja mtu. Onyo juu ya kupenda fedha halianzi na Valens. Linaonekana katika sura ya nne, ambapo Polikarpo anakumbusha fundisho la 1 Timotheo 6:7–10, na anajihesabu yeye mwenyewe pamoja na wanaopaswa kujifunza. Katika sura ya tano anawaonya mashemasi, na katika ya sita wazee. Wazee, anasema, wawe na huruma, wawarudishe waliopotea, wawatembelee wagonjwa, wasimsahau mjane, yatima wala maskini, wakae mbali na kupenda fedha. Valens anapotajwa, kila mtu kanisani amekwisha kujipima.

La pili, hafuniki. Barua hii ilikusudiwa kusomwa mbele ya kanisa, na jina la Valens limo ndani yake. Wafilipi walikwisha kujua. Kunyamaza kusingemlinda Valens, kungewaachia watu minong'ono tu.

La tatu, halihukumu kanisa zima kwa kosa la mtu mmoja. Anasema waziwazi kwamba hajaona wala kusikia neno la namna hiyo kwa Wafilipi wengine, ambao kwao Paulo alifanya kazi. Ni neno la faraja kwa usharika unaotembea umeinamisha kichwa kwa sababu ya aibu ya mmoja wao.

La nne ndilo gumu kuliko yote. Polikarpo anasema anahuzunika sana kwa ajili ya Valens na mke wake pia, na anawaombea Mungu awape toba ya kweli. Kisha anawaomba Wafilipi wawe na kiasi. Wasiwahesabu watu hao kuwa adui, bali wawaite warudi kama viungo vinavyoumwa na vilivyopotea njia, ili mwili wote upone. Sura inayofuata inazungumzia hasira. Polikarpo alijua kwamba baada ya wizi, jaribu linalofuata huwaangukia wale ambao hawakuiba.

Mfano kutoka kazi yetu

Katika usharika mmoja tuliofanya nao kazi, kulikuwa na kikundi cha akina mama 22, wengi wao wajane, waliokuwa wakikopeshana mitamba ya maziwa na kurejesha kwa fedha kidogo kidogo. Mtunza hazina alikuwa mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu, mtu ambaye watu walimpelekea barua zao awasomee. Benki ilikuwa mbali na nauli ilikuwa kubwa, hivyo marejesho yalikaa nyumbani kwake, ndani ya kasha. Ufunguo alikuwa nao yeye peke yake.

Mjukuu wake aliugua. Alichukua shilingi 80,000 akampeleka hospitali, na baada ya pensheni kutoka alizirudisha zote. Hakuna aliyejua. Mara ya pili alichukua zaidi akarudisha pungufu. Vitabu vilipokaguliwa, zilikosekana shilingi 740,000. Tunaeleza hivi kwa kusudi, kwa sababu watu wengi hudhani mwizi wa fedha ya Kanisa huanza siku moja kwa kuiba. Huyu alianza kwa kukopa bila kuuliza, na mara ya kwanza alilipa.

Usharika uligawanyika. Wapo waliosema ni mzee wetu, tumsitiri. Wapo waliosema kikulacho ki nguoni mwako, apelekwe polisi na nyumba yake isikanyagwe. Mke wake, ambaye hakuchukua hata senti, aliacha kwaya ya akina mama. Alipofika bombani wenzake walinyamaza, naye akaanza kuchota maji alfajiri kabla hawajaja.

Mchungaji na wazee wawili walimtembelea yule mzee zaidi ya mara moja. Hatimaye alikiri, kwanza mbele ya akina mama wenyewe, kwa kuwa ndio waliokuwa wenye fedha. Kwa muda hakushiriki Meza ya Bwana. Ikaandikwa hati ya makubaliano ya kulipa kila pensheni ikitoka, nayo ikasainiwa na mashahidi. Lakini wajane watatu walikuwa zamu yao ya kupata mtamba imefika, na walikuwa wamekwisha kujenga mabanda. Usharika ukatoa sadaka maalum ya shilingi 300,000, ikaingizwa kwenye hazina ya kikundi ili wasiendelee kusubiri. Deni la kiasi hicho mzee akalilipa kwa usharika. Malipo yote yalichukua miezi 14. Ndipo aliporudi kundini, ibadani, mbele ya watu. Mke wake alikuwa amerudi kwenye kwaya mapema zaidi, baada ya mama mmoja kati ya wale wajane watatu kwenda kumchukua nyumbani.

Mzee huyo hakurudishiwa hazina. Mama mmoja alisema katika kikao, "Mimi baba nimemsamehe, ila ufunguo akae nao mwingine." Yule mzee mwenyewe aliitikia kwa kichwa. Hatutaki pia kusema kwamba kila jambo lilipona. Mama mmoja alijitoa kwenye kikundi na mpaka leo hajarudi.

Tunajifunza nini?

1. Fedha ya wajane iko madhabahuni. Katika sura ya nne Polikarpo anawafananisha wajane na madhabahu ya Mungu. Waliishi kwa sadaka ya kanisa na kazi yao ilikuwa maombi. Naye Ignasi, alipomwandikia Polikarpo, alimwagiza wajane wasisahauliwe na kwamba yeye, baada ya Bwana, awe mlinzi wao. Tukilichukua fundisho hili kwa uzito, fedha ya mradi wa wajane haiwezi kuwa fedha ya ofisi inayosubiri matumizi. Imekwisha kuwekwa mbele za Mungu. Anayeichukua, hata kwa nia ya kurudisha, ameiondoa madhabahuni.

2. Msamaha usilipiwe na maskini. Hapa ndipo sharika nyingi hukosea. Baraza la wazee linaweza kukaa, likaomba, likalia, likasema "tumesamehe", wakati fedha iliyopotea haikuwa ya baraza. Ni rahisi kusamehe deni ambalo mtu mwingine anadai. Tuisome barua fupi kuliko zote za Paulo, kwa Filemoni. Paulo anataka Onesimo apokelewe kama ndugu. Lakini hamwambii Filemoni asahau hasara yake. Anasema kama kuna deni, liandikwe kwa jina lake Paulo, naye atalipa, na anaandika ahadi hiyo kwa mkono wake mwenyewe (Filemoni 18–19). Upatanisho una gharama, na anayeutaka awe tayari kuibeba. Zakayo naye, wokovu ulipoingia nyumbani mwake, alitangaza mara moja kurudisha (Luka 19:8). Ule usharika uliotoa sadaka maalum ulifuata njia hiyo.

3. Kurudi kundini na kurudi kazini ni mambo mawili. Polikarpo anaomba Valens aitwe arudi katika mwili. Katika barua yote hasemi arudishiwe nafasi ya uzee. Aliyetubu ni ndugu kamili, anakula Meza moja nasi, anazikwa nasi. Haimaanishi kwamba ni lazima apewe tena kasha. Kumweka mtu aliyeanguka mbele ya jaribu lilelile si upendo. Na kumnyima Meza ya Bwana maisha yake yote kwa sababu ya kasha nako si haki.

4. Familia ina jina lake. Polikarpo alimkumbuka mke wa Valens. Barua haitwambii kama alishiriki kosa au la. Inatuambia kwamba askofu aliyekuwa mbali, ng'ambo ya bahari, alijua kuna mwanamke katika habari hii na akamwombea. Sisi tulio karibu tuna sababu gani ya kumsahau?

Amri mbili pamoja

Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther anafafanua amri ya saba kwa kusema kwamba hatupaswi kuchukua mali ya jirani yetu, na zaidi ya hapo tunapaswa kumsaidia ailinde na kuiongeza. Katika amri ya nane anasema tusimsingizie jirani wala kuharibu jina lake, bali tumtetee na kuyatafsiri mambo yake kwa wema.

Amri hizi mbili huonekana kugongana fedha inapopotea. Wenye bidii kwa ajili ya amri ya saba huivunja ya nane kwa kumtangaza mtu kabla vitabu havijakaguliwa. Wenye bidii kwa ajili ya amri ya nane huivunja ya saba kwa kumsitiri mtu huku wajane wakilala bila haki yao. Tunaitwa kuzishika zote mbili.

Polikarpo anawaambia wazee wasiwe wepesi kuamini neno baya juu ya mtu wala wakali katika hukumu, wakijua kwamba sote tuna deni la dhambi. Paulo naye anaagiza mashtaka juu ya mzee yasipokelewe ila kwa mashahidi wawili au watatu (1 Timotheo 5:19). Onyo hili lina sababu. Ile barua ya Klementi iliandikwa kwa kuwa huko Korintho wazee waliotumika bila lawama waliondolewa kwa fitina. Kwa hiyo katika barua mbili za kale tunaona hatari mbili. Filipi, mzee alikosea. Korintho, wazee hawakukosea lakini waling'olewa. Kinachotofautisha hali hizi mbili ni ushahidi, na ushahidi wa fedha ni daftari, stakabadhi na hati za malipo. Vitabu vizuri vya hesabu humlinda mtunza hazina mwaminifu kuliko mtu mwingine yeyote.

Kuziba ufa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Paulo alilijua hilo. Aliwaagiza Wakorintho waweke akiba kila siku ya kwanza ya juma, na wachague wenyewe watu wa kupeleka mchango Yerusalemu (1 Wakorintho 16:1–4). Baadaye alimtuma Tito, na pamoja naye ndugu aliyechaguliwa na makanisa, akieleza sababu yake: hakutaka mtu yeyote apate la kulaumu, na alijali yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia (2 Wakorintho 8:18–21). Kama mtume Paulo hakuona aibu kusindikizwa na mashahidi alipobeba fedha, mtunza hazina wetu asione kwamba ametukanwa anapoombwa stakabadhi.

Tunapendekeza kila kikundi na kila usharika ujipime kwa mambo yafuatayo:

(a) Fedha isitolewe kwa sahihi ya mtu mmoja. Watia sahihi wawe watatu, na wasiwe wa nyumba moja.

(b) Kasha liwe na kufuli zaidi ya moja na kila ufunguo ukae kwa mtu wake. Palipo na benki au huduma ya fedha kwa simu, akaunti iwe ya kikundi, si laini ya mtunza hazina.

(c) Kila anayetoa fedha apewe stakabadhi papo hapo, hata kama ni shilingi 500.

(d) Taarifa ya mapato na matumizi isomwe kwa sauti kila robo mwaka mbele ya wenye fedha, kwa lugha wanayoielewa, na maswali yaruhusiwe.

(e) Mtunza hazina awe na kipindi maalum, kisha apokee mwingine. Makabidhiano yafanyike kwa maandishi.

(f) Kuwe na mfuko mdogo wa dharura ambao mwanakikundi yeyote, akiwamo mtunza hazina, anaweza kuomba wazi anapopatwa na ugonjwa au msiba. Yule mwalimu mstaafu hakuwa na mahali pa kuomba bila kuona haya. Mlango wa kuomba ukifungwa, mtu hufungua kasha.

Maswali ya kujadili katika vikundi na jumuiya

1. Someni Wafilipi 4:10–20. Kwa nini, kwa maoni yenu, kanisa lenye sifa ya ukarimu liliweza kupata mzee aliyependa fedha?

2. Katika usharika wetu, mtu akipatwa na shida kubwa ya fedha ghafla, anaweza kumwambia nani bila kuaibishwa?

3. Kama fedha ya kikundi ingepotea leo, nani wangekuwa wa kwanza kuumia? Je, sauti yao ingesikika kabla ya neno "tumesamehe" kutamkwa?

4. Someni Filemoni 17–19. Ni nani kati yetu aliye tayari kusema kama Paulo, kwamba deni la ndugu liandikwe kwa jina lake?

5. Je, kuna mtu aliyekwisha kulipa na kutubu, lakini sisi bado tunamhesabu kuwa adui? Je, tumemtembelea? Na mke wake, au mume wake, na watoto?

Mwisho

Barua ya Polikarpo haituelezi mwisho wa habari ya Valens. Hatujui kama alitubu, wala kama Wafilipi walikwenda nyumbani kwake. Polikarpo mwenyewe, katikati ya karne hiyo ya pili, aliuawa katika uwanja wa michezo wa Smirna akiwa mzee sana, baada ya kukataa kumkana Kristo ambaye alikuwa amemtumikia kwa miaka 86. Mtu huyo aliyesimama imara hivyo mbele ya liwali wa Roma ndiye aliyewaomba Wafilipi wawe wapole kwa mzee mwenzake aliyeshindwa na fedha. Tusidhani basi kwamba upole wake ulikuwa udhaifu.

Tuombe

Ee Bwana Mungu wetu, wewe ndiwe mlinzi wa wajane na baba wa yatima. Tunakushukuru kwa sadaka na jasho la watu wako. Uwalinde wote waliokabidhiwa hazina za sharika na vikundi vyetu, uwape moyo wa kweli na wenzao wa kuwasaidia. Uwarudishie waliodhulumiwa haki yao. Uwape toba ya kweli walioanguka, na utupe sisi miguu ya kwenda majumbani mwao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliyelipa deni letu sote. Amina.